Sanduku la Mwaka wa Lulu

Majirani walimwita Kelele, na hapo walimwonea, kwa sababu kelele zilikuwa za nyundo, hazikuwa zake. Mwenyewe alikuwa fundi bati mwenye maneno ya kubana. Ukimsalimu asubuhi alikuitikia kwa kuinua nyundo, ukimsalimu jioni alikuitikia kwa kuishusha, na baina ya salamu hizo mbili mtaa mzima ulisikia ndoo, makarai, mifereji ya mvua na masanduku ya wanafunzi wa bweni yakigongwa mbele ya kibanda chake. Kinyozi wa jirani alishazoea kupayuka. Umbea wa kinyozi yule ulikuwa mzuri, na hakutaka upotee kwa sababu ya bati la mtu.

Sasa siku hizo kibanda kilikuwa kimefungwa, na nyundo ilisikika kutoka nyumbani kwa fundi, tena si uani bali ndani kabisa, chumba cha kulala. Kinyozi alijikaza mpaka uvumilivu ukamshinda, akaenda kubisha. Fundi alimfungulia mlango nusu. Kinyozi akauliza kama anajenga meli. Fundi akasema hapana, paa la kibanda linavuja, ndiyo maana kahamishia kazi ndani. Kinyozi akatazama juu. Mbingu ilikuwa kavu, haina wingu hata la kusingizia, na mvua ya mwisho alikuwa ameshaisahau. Akamtakia kazi njema, akarudi dukani kwake, na kutwa nzima kila kichwa alichokishika alikisimulia habari za meli.

Ukweli ni kwamba mke wa fundi alikuwa anakuja. Mtu mwingine angeitangaza habari hiyo mpaka kwa wasiomjua. Fundi aliificha kama mtoto afichavyo peremende shavuni, akiogopa akiitoa nje itayeyuka.

Mke huyo hakuwepo nyumbani tangu binti yao alipojifungua mapacha. Binti ni muuguzi, zamu zake hazieleweki, na mumewe kazi yake ni ya safari. Nani angekaa na watoto kama si bibi yao? Mama mtu alifunga mkoba akasema anakwenda mpaka watambae. Walipotambaa akasema wakisimama. Waliposimama akasema, unajua baba, sasa ndio wamezidi, wanashika kila kitu, ngoja waache nepi. Kisha ikawa ngoja waanze shule. Kila alipoambiwa, fundi alijibu neno lile lile, "Haya." Hakuna aliyemwacha mwenzake wala aliyegombana na mwenzake. Ukiwauliza wangekuambia mama yuko kwa mwanawe, anasaidia malezi, basi. Na fundi aliendelea kupika uji wa mtu mmoja kwenye sufuria ya watu watatu, kwa sababu kujitengenezea ndogo ingekuwa kukubali jambo ambalo hakutaka kulikubali.

Sasa mapacha walikuwa wameanza shule.

Mkewe ndiye aliyepiga simu, kama kawaida. Simu ya nyumba ile haikuwahi kupigwa kutoka huku kwenda kule. Ilipigwa kutoka kule kuja huku. Alisema siku yao ya ndoa mwaka huu haikosi, kwa sababu ni mwaka wa thelathini, mwaka wa lulu. Halafu akaongeza kwamba ana jambo anataka wazungumze, na si la kwenye simu. Fundi akasema haya. Alipokata alikaa kwenye ukingo wa kitanda, moyo ukimdunda kama wa kijana. Jambo lisilo la kwenye simu litakuwa jambo gani, kwa mwanamke ambaye wajukuu wake wameanza shule? Akalijibu swali lake mwenyewe, na jibu likampendeza kiasi kwamba hakulikagua. Fundi yule hakuruhusu ndoo itoke mkononi mwake kabla hajaijaza maji na kuizungusha juani kuangalia kila mshono. Jibu lile aliliacha lipite hivi hivi.

Mambo haya ya lulu, karatasi na pamba yalianzia kwenye studio ya picha. Mkewe, wakiwa wachumba bado, alifanya kazi huko: kuwakalisha wateja, kuwanyoosha kola, kukata kingo za picha zilizokauka. Ukutani mwenye studio alibandika ubao wa kuwashawishi wanandoa waje kupigwa picha kila mwaka. Mwaka wa kwanza zawadi ni karatasi, wa pili pamba, wa tatu ngozi, wa tano mbao, wa kumi bati, ishirini na tano fedha, thelathini lulu, na wakijaliwa kufika hamsini, dhahabu. Nani alipanga hivyo, mwenye studio hakujua. Alisema ndivyo watu wanavyofanya, akimaanisha watu wengine.

Mwali mpya alirudi nyumbani na habari hizo akicheka, akamwambia mumewe kwamba mwaka wao wa kwanza unakaribia na yeye anataka karatasi yake. Mumewe alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake, akasema yeye anajua bati tu.

"Basi wewe utatoa chombo," alisema mkewe, "na mimi nitatoa cha kutia ndani. Ila mtu asimwambie mwenzake."

Ikawa hivyo. Kila mwaka yeye alitengeneza chombo cha bati, mkewe akaleta kitu cha mwaka huo, na asubuhi ya siku yenyewe waliviweka mezani kuona kama vitaivana. Havikuivana karibu kamwe, na hapo ndipo ilipokuwa raha yao. Mwaka wa ngozi fundi alitengeneza kibweta kizuri cha kuhifadhia chakula, chenye kifuniko cha kubana, na mkewe akaleta ndara za ngozi. Sharti ni sharti, ndara zikaingia kibwetani. Jioni akaja mama mkwe, akafunua kifuniko kwa njaa zake, akataka kujua siku hizi wanapika nini katika nyumba hii. Mwaka wa kumi, mwaka wa bati, mkewe alileta kikombe cha bati alichokinunua kwa fundi mwingine wa mtaa wa pili. Alifanya mzaha, lakini fundi alinuna mpaka alipokigeuza kikombe na kugundua kinavuja, hapo akafurahi upya. Na mwaka wa fedha, binti akiwa ameshaolewa na nyumba imebaki na sauti ya watu wawili, mkewe alikata unywele wake mmoja wa mvi akautia ndani ya kijikopo alichotengenezewa. Alisema fedha ndiyo hiyo, nyingine hatuna. Kijikopo hicho fundi alikiweka kwenye rafu karibu na kitanda na hakuwahi kukifungua, asije akaupoteza unywele.

Baada ya hapo wakaja mapacha. Mwaka uliofuata fundi alimpa dereva wa basi kisanduku kidogo apeleke, na mkewe akasema kwenye simu ni kitu gani angetia ndani. Mwaka mwingine tena vivyo hivyo. Mwaka jana mkewe alisahau. Alipiga simu siku ya pili akiomba radhi, mtoto mmoja alikuwa na homa, siku zimechanganyika. Fundi akasema haya. Chombo alichokuwa amekitengeneza, birika dogo lenye mdomo mwembamba, alikipeleka kibandani na kumuuzia mpita njia wa kwanza aliyekisifia.

Ndiyo maana safari hii alitaka chombo kisichouzika.

Mkewe tangu zamani alilalamika kwamba nguo zake hazina mahali. Kabati lao mlango mmoja ulishang'oka, panya walilifanya mtaa, na kila akitafuta nguo ya kutokea alianza kwa kuipigapiga ukutani. Fundi aliamua kumtengenezea sanduku la bati la kumaliza maneno: bati zito jeupe, kingo zilizokunjwa mara mbili, bawaba tatu, kufuli lililojengewa ndani kwa ndani, na pembe zilizofunikwa ili zisichane kitambaa. Nguo zote za mwanamke mmoja, za kazi na za sherehe, za baridi na za joto, zikae humo zisitoke tena.

Siku ya kwanza ya kazi alisimama kwenye mlango wa chumba na tepu ya kupimia. Mlango ule ulikuwa mwembamba, mwenye nyumba alikuwa na mkono wa birika hata kwenye mbao. Hata kitanda waliingiza vipande vipande. Fundi alipima upana, akatia alama ya chaki kwenye mwimo. Kisha akarudi kwenye bati lake sakafuni, akapima kina cha sanduku, akapima kimo chake, na kote kuwili akazidisha shubiri moja juu ya ile alama. Alijiambia kwamba sanduku kubwa linapendeza. Alijiambia pia kwamba paa la kibanda linavuja. Kisha akaanza kukata, na mkasi ukaenda bila kusita.

Mkewe alifika asubuhi, jua likiwa bado halijakolea. Fundi alimpokea kituoni akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na yeye mwenyewe, yaani upande mmoja. Alimwona kabla hajaonwa. Alikuwa amenenepa kidogo, na alicheka na kondakta kama mtu aliyemjua tangu utotoni. Mkoba wake ulikuwa mdogo, wa kubebwa begani. Fundi aliuona huo mkoba na kitu kikamchoma, ila akajiambia mizigo mingine itafuata. Watu hufanya hivyo, hutanguliza mwili.

Njiani mkewe aliongea peke yake kwa niaba ya wote wawili. Mapacha hawa wamekuwa hivi, mapacha hawa wamesema vile, mwalimu wao kawatenganisha madawati kwa sababu mmoja humjibia mwenzake. Alipovuka barabara mkono wake ulinyooka upande, chini kidogo, ukitafuta mkono wa mtoto, ukakuta hewa. Fundi aliuona mkono ule. Angeweza kuushika. Alikuwa amebeba mkoba kwa mkono wa upande huo, na kuuhamisha mkoba kulihitaji mtu awe ameamua mapema.

Kinyozi aliwasubiri mlangoni mwake. Alimkaribisha mama kwa maneno mengi, akasema mtaa ulikuwa umepooza, akamwambia sasa ataiona hiyo meli. Mama akacheka bila kuelewa.

Alielewa alipoingia chumbani. Sanduku lilikuwa limesimama chini ya dirisha, limefika kiunoni, jeupe, linawaka kiasi kwamba chumba kilikuwa kimepata mwanga wa pili. Aliziba mdomo kwa mkono. Alilizunguka, akapitisha vidole kwenye pembe kutafuta ukali, hakuupata. Akafunua kifuniko, kikafunguka bila kulia.

"Hili ni sanduku au ni chumba cha kupangisha?" aliuliza, na macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe ulijuaje?"

Fundi aliuliza kwani alijua nini.

Wakakaa mezani, chai ikamiminwa, na jambo lisilo la kwenye simu likasemwa. Binti yao ni mjamzito tena. Safari hii hawataki kumlaza mama sebuleni na watoto, kwa hiyo wameongeza chumba upande wa uani, chumba chake mwenyewe, kina dirisha kubwa na mahali pa kuweka nguo. Amekuja kuzichukua nguo. Alikuwa anawaza njia nzima atazifungaje, kwenye nini, na kumbe baba wa watu kashamtengenezea sanduku. Hata yeye fundi nafasi anayo kule, mkwewe mwenyewe kasema, tatizo ni nyundo tu. Alikumbuka ile wiki moja fundi aliyokwenda kuwatembelea? Siku ya tatu jirani alituma mtu kuuliza nani anavunja ukuta.

Fundi alikumbuka. Alikumbuka pia zile siku nne zilizobaki, alizokaa kwenye kiti mikono mapajani, watoto wakimpita kama kiti.

"Wakishakua hawa nao?" aliuliza.

"Huyu mdogo bado hajazaliwa, baba," alisema mkewe kwa upole.

"Haya," alisema fundi.

Alasiri yote walipakia. Mke alitoa nguo kwenye kabati bovu, akazikung'uta, fundi akazipokea na kuzilaza. Kila nguo ilikuwa na maneno yake. Hii niliivaa siku ya kipaimara cha nani sijui, hii ilichomwa na pasi yako, hii sikuwahi kuipenda ila wewe uliisifia. Fundi hakukumbuka kuisifia. Mwisho kabisa likatoka gauni la harusi, limefungwa ndani ya shuka, kazi ya mikono ya shangazi wa mke, na mstari wa vifungo vyeupe mgongoni. Mke alilinusa, akalilaza chini kabisa, nguo zote zikapangwa upya juu yake. Sanduku lilimeza zote na bado lilikuwa na nafasi. Fundi alikuwa amepima vizuri.

Kuna mara nyingi alasiri ile angeweza kusema. Alilifungua domo akaomba apewe ile ya bluu. Alilifungua tena akasema joto limezidi. Ulimi wake haukuwa na shida na bati wala na joto, shida ilikuwa neno moja tu.

Asubuhi ya pili alikuja mwenye mkokoteni, akasubiri nje. Kinyozi akaitwa kusaidia, akaja mbio na kitambaa cha kazi bado kimening'inia begani. Wanaume wawili wakalishika sanduku huku na huku, wakaliburuta mpaka mlangoni. Halikupita. Kinyozi akasema lilazwe ubavu. Wakalilaza, halikupita. Akasema lisimamishwe, akasema kwanza waligeuze mgongo, akasema labda waanze na pembe. Alitoa amri kwa ujuzi wote wa mtu ambaye kazi yake ni nywele. Bati lilikwaruza mwimo na kufuta nusu ya alama ya chaki. Mara kinyozi akanyamaza. Aliutazama mlango, akalitazama sanduku, akamtazama fundi usoni kwa muda. Halafu akasema amemwacha mteja na povu kidevuni, akaondoka upesi, na kwa heshima yake niseme kwamba habari hiyo hakumsimulia mtu.

Mke aliketi kitandani. Fundi alibaki amesimama upande wa pili wa sanduku, akishika kingo zake kama mtu aliye nyuma ya meza ya duka.

"Baba," alisema mke taratibu. "Mlango huu hukuupima?"

"Niliupima."

"Kwa hiyo ulijua halitatoka."

"Nilijua."

"Na mimi kwamba nimekuja kuchukua nguo, ulijua?"

"Hilo sikujua. Nilidhani umerudi." Mikono yake ilitafuta cha kushika, na nyundo ilikuwa mbali. "Usiende."

Nje mwenye mkokoteni alipiga mluzi, akaacha. Mke alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu kwenye picha ya kundi.

"Neno hilo ulikuwa umeliweka wapi siku zote hizi?"

Fundi alisema alidhani mkewe analijua.

"Ningelijuaje? Nilipokuambia nakwenda ulisema haya. Nilipokuambia nakaa ulisema haya. Kule naitwa, baba. Kutwa kucha. Bibi maji, bibi kiatu, bibi njoo uone mdudu. Nachoka mpaka miguu inavimba, lakini naitwa. Hapa niliitwa chai ikitaka kupoa. Nimekaa na kelele zako miaka yote hii, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kuniita mimi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, fundi angejua pa kujitetea. Alisema kama anayemkumbusha mtu mahali alipoacha funguo, na fundi, ambaye kwa muda wote aliokaa peke yake aliamini yeye ndiye aliyeachwa mpweke, aliona haya mpaka masikioni. Katika nyumba ile ile, kwenye kiti kile kile, kulikuwa na mtu aliyekuwa mpweke kabla yake, na alikuwa akimpikia.

Akaenda kuchukua mkasi wa bati. Alisema atakata ubavu mmoja, ataukunja, nguo zipite na sanduku lake, kule mkewe ataomba fundi yeyote aulehemu. Mkasi alikuwa ameshaupeleka kwenye ukingo.

"Usilikate," alisema mke. "Kazi nzuri hivi."

Akafunua kifuniko, akaanza kutoa. Nguo za kila siku zikaingia kwenye mifuko miwili ya kubebea mizigo, ile ya mistari ambayo kila nyumba inayo na hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Za sherehe alizishika, akazirudisha. Gauni hakuligusa, lilibaki kule chini. Alipomaliza alisema vifungo vya gauni lile ni lulu za uongo, lakini kwa kuwa mwaka wa fedha ulikubali mvi, mwaka wa lulu nao hautaringa. Basi chombo kimetiwa kitu, sharti limetimia. Akafunga kifuniko, akazungusha ufunguo, akautia mkobani.

"Nitaurudisha lini, sijui," alisema. "Sitaki kukudanganya."

Fundi alimsindikiza mpaka kituoni, mifuko miwili ikiwa mkokotenini. Safari hii aliuhamisha mkoba mapema, na walipovuka barabara akaushika mkono wa mkewe. Mkewe hakuuondoa. Basi lilipoondoka alipunga kwenye dirisha ambalo hakuwa na hakika ni lake.

Siku zilizofuata kibanda kilifunguliwa, nyundo ikarudi kazini, na mtaa ukarudi kupayuka. Kinyozi alikuwa mwema kwa namna yake, hakuuliza. Jioni fundi aliporudi nyumbani sanduku lilikuwa pale pale karibu na mlango, kwa sababu peke yake hakuweza kulirudisha chini ya dirisha. Ilimbidi apite ubavu ubavu kufika kitandani. Kufuli lile alilitengeneza mwenyewe. Kwa kipande cha waya angelifungua kabla maji hayajachemka. Hakulifungua. Aliweka kile kijikopo cha unywele juu ya kifuniko, akaacha hivyo.

Jioni moja alibandika chai. Maji yalikuwa hayajatoa hata moshi, alipokaa juu ya sanduku akaitoa simu. Ilimchukua muda kuipata namba, kwa kuwa hakuwahi kuitafuta. Kule ikaita, ikaita.

"Baba?" Sauti ya mkewe ilikuwa na hofu. "Kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Hakuna kitu." Akashika kufuli kwa vidole. "Nakuita tu."

Alisikia mlango wa kule ukifungwa, au kufunguliwa, na pumzi ya mkewe karibu sana.

"Haya," alisema mkewe. "Nimeitika."

Fundi alitaka kuongeza kitu, na safari hii alikuwa nacho, alikiandaa kutwa nzima akigonga karai la watu. Lakini sauti mbili zililipuka nyuma kwa pamoja, bibi, bibi, njoo uone. Mkewe akasema ngoja kidogo, nakuja sasa hivi. Hakukata simu, aliiweka mahali. Fundi akasikiliza nyumba ile: bomba la maji, kijiko kwenye sahani, watoto wakibishana, na kicheko cha mkewe kwa jambo ambalo yeye hakuliona. Alingoja. Aliishikilia simu sikioni mpaka ikajikata yenyewe, na alipokumbuka jikoni chai ilikuwa imechemka, imekaukia nusu, na alipoimimina ikaanza kupoa, na hapakuwa na mtu wa kumwita aje ainywe.